Mkwe Asiyetaja Jina

Norsborg, Stockholm
Jumapili, 16 Juni 2013

Kwako Dada Célestine, Mama Maombi,

Salamu zangu zikukute umeketi, miguu umeinyoosha na chai iko karibu, maana barua hii si ya kusomwa ukiwa umesimama. Sisi huku tu wazima, kuanzia mimi mkubwa wa nyumba hadi yule mdogo uliyemsikia akilia kwenye simu. Natumaini goti lako limetulia, paa la jikoni limezibwa, na ziwa bado linawapa ndagala za kutosha kula na kukausha. Wasalimie majirani wote wa Kalundu na Uvira nzima, hata yule anayesema kwamba huku Ulaya nafagia barabara. Mwambie sifagii. Nikipita, barabara zenyewe hujisafisha.

Najua una kinyongo nami. Tangu mjukuu wako azaliwe mwezi uliopita umekuwa ukiniuliza jina lake, na kila ukiuliza, laini inakatika. Dada, laini haikatiki. Ni mimi ninayekata. Kuna maneno hayapiti kwenye simu, hasa simu ambayo mkweo Dieumerci amekaa karibu nayo akisikiliza. Jina utalipata, lakini lazima kwanza upite njia tuliyopita sisi, la sivyo utalisikia vibaya.

Nianze na mimi mwenyewe, maana najua una hamu. Bado nafanya kazi Jordbro, kwenye depo lile kubwa la vyakula. Ukubwa wake ni wa namna hii: kijana akiingia mlango wa mbele asubuhi, anatokea wa nyuma ana mvi. Mimi ndiye ninayeendesha mashine ya kunyanyua mizigo, na siku niliposhikwa na mafua nusu ya mji huu ilikunywa chai kavu. Protais, yule Mrundi ninayefanya naye kazi, huwaambia watu kwamba kila ninachosimulia kigawanywe kwa kumi. Ni mtu mwema Protais, ila Mungu alimnyima mate ya hadithi.

Sasa majira ya baridi yaliyopita. Baridi yenyewe nimeizoea. Januari nilimsalimia Protais kutoka ng'ambo ya reli, akaisikia salamu mwezi wa tatu ilipoyeyuka. Kilichotushika koo mwaka huu si baridi, ni maneno. Nchi nzima ilikuwa inatujadili sisi wageni. Ukifungua televizioni unakuta watu wazima wenye miwani wanabishana. Huyu anasema mlango uko wazi mno, nyumba itaingia theluji. Yule anasema mkiufunga, nani atawaogesha wazee wenu. Na wanabishana kwa adabu, kila mmoja anangoja mwenzake amalize, na hiyo ndiyo inayotisha. Kwetu mtu asiyekutaka utamjua kwa sauti. Huku lazima ungoje mpaka mwisho wa sentensi.

Kisha polisi wakaanza kuulizia vitambulisho kwenye vituo vya treni, wakitafuta waliokataliwa kibali cha kukaa. Hapo maneno yakachemka zaidi. Magazeti yakajaa, watu wakaandamana, Waswidi wazee kwa vijana wakasema raia hatambuliwi kwa rangi ya uso wake, na wengine wakajibu kwamba sheria isiyofuatwa si sheria. Sisi mjadala huo hatukuusoma gazetini. Ulikuwa umelala kwenye kochi letu, miguu imezidi nje.

Unakumbuka Dieumerci alivyotenganishwa nasi. Mimi na Maombi tulipitia kambini Burundi, tukaletwa huku kwa ndege, na karatasi zetu mkononi. Yeye vita vilikuwa vimemtupa upande mwingine, akaja baadaye kwa miguu yake na kwa neema ya Mungu. Aliomba hifadhi, akakataliwa. Akarudia, akakataliwa. Mlango uliobaki ulikuwa mmoja tu: aombe kibali kama mume wa Maombi. Lakini ile harusi ya uani kwako, na wale mbuzi, na ngoma, na mimi niliyetoa nusu ya hotuba zote, haikuandikwa kwenye kitabu chochote cha serikali. Na huku, Dada, kisichoandikwa hakikutokea.

Kuanzia mwezi wa pili kijana hakupanda treni tena. Kanisani alikwenda kwa miguu, theluji magotini, nasi tulimkuta mlangoni amekuwa mweupe kama mwenyeji. Akisikia viatu kwenye ngazi, anapunguza redio. Tumbo la Maombi lilikuwa linakua, yeye anapungua. Ofisi iliambiwa kuhusu mimba, lakini mimba haina cheti, na walikuwa wamesikia mengi kuhusu watu wanaooana kwa ajili ya makaratasi tu. Akikosa safari hii, ni uwanja wa ndege.

Siku ya mahojiano ikafika. Wanachofanya ni kuwaweka mume na mke vyumba mbalimbali, wanawauliza maswali yaleyale, kisha wanayalinganisha kama mtu anayetafuta pea ya soksi. Dieumerci alijibu vizuri. Alijua Maombi analala upande gani, anaweka tangawizi kiasi gani kwenye chai, na lile kovu la mguuni alilipata kwa bati gani. Ndipo afisa, bwana mpole mwenye ndevu, akamuuliza jina la mama mkwe wake.

Nadhani umeshanielewa. Kijana aliinamisha kichwa, akasema, Mama Maombi. Afisa akasema hilo ni la mtoto, anataka la mama. Dieumerci akasema ndiye huyo, mzazi wa mke wake. Akaulizwa, anaitwa nani? Kimya. Akaulizwa kama amewahi kumwona. Akasema ndiyo, kwa mbali. Je, ana sura gani, ni mrefu, mfupi? Akasema hajui sawasawa, maana akimwona huinamisha macho. Je, wamewahi kula pamoja? Hapo alishtuka kabisa, akasema jambo kama hilo haliwezekani. Afisa akauliza basi wakikutana njiani huwa wanaongea nini. Akajibu kwamba huwa anaingia kichakani.

Mkalimani alitafsiri neno kwa neno, wala hakuongeza hata chumvi ya maelezo. Kwa hiyo kila jibu ambalo kwetu ni mkwe mwenye adabu, kwenye karatasi yao likawa mwongo aliyekamatwa. Baadaye wakatuandikia kwamba mwombaji haonekani kuifahamu familia anayodai kuoa kwao, na kwamba ataitwa mara moja zaidi kabla hawajaamua.

Nyumbani hapakukalika. Maombi alimwambia mumewe kwamba jina ni jina, si bomu, alitaje tu yaishe. Akamwambia hataki mtoto wake azaliwe baba yuko angani kwa sababu ya adabu. Dieumerci akamjibu taratibu kwamba mke alipewa na mkono wa mama yule, na mtu akianza kumvua mama mkwe heshima ili apate kibali, kesho atamvua nini mke wake. Maombi akalia, akaenda jikoni, akarudi na sahani, akamwekea nyama nyingi kuliko sisi wote. Mimi nilikasirika na kufurahi kwa pamoja, kama mwenye ng'ombe aliyekataa kuuzwa sokoni: amenirudisha mikono mitupu, lakini mnyama ninaye.

Ndipo Wamuyu, mama wa Kikenya tunayesali naye, akatuambia kutakuwa na mkutano wa hadhara kule kwao Jakobsberg. Wanasiasa watajadili sheria za wageni, ulinzi wa mipaka, polisi wa kwenye treni na ndoa za uongo, na mwananchi yeyote ana ruhusa kusimama aseme. Nikamwambia mwananchi mwenyewe ndiye mimi. Nikavaa suti ya kijivu, nikamchukua Protais awe shahidi, tukaenda.

Ukumbi ulikuwa na watu elfu nne. Protais anasema arobaini, na kwamba kadhaa kati yao walifuata kahawa na mikate ya mdalasini. Mbele walikaa wawili, bwana mwenye tai ya buluu aliyetaka sheria zikazwe na mama mwenye skafu nyekundu aliyetaka zilegezwe. Yule mama alisema watu si mizigo ya kukaguliwa getini. Yule bwana akasema si ukatili kwa nchi kutaka kujua nani ameingia, na kwamba kuna watu wanaoana kwa karatasi tu, hata wazazi wa wenzao hawawajui. Aliposema hivyo, kiti kiliniunguza.

Nikasimama. Kiswidi changu unajua kinatiririka, lakini Wamuyu aliona heri asimame nami atafsiri, kwa usalama wa wote. Nilianza na babu yetu, nikawaeleza jinsi alivyokutana na mama mkwe wake ufukweni, akamkimbia, akatumbukia ziwani, akaogelea kwa heshima hadi akatokea Burundi, ndiyo maana tuna ndugu kule. Walinitazama kama ng'ombe wanavyotazama treni. Wamuyu akanikanyaga mguu, akaniambia, Mjomba, fupisha.

Basi nikafupisha. Nikasema nyumbani kwangu kuna kijana anayemjua mama mkwe wake kwa jina na kwa ukoo, na ataondolewa nchini kwa sababu anamheshimu mno hata hawezi kulitaja jina hilo. Nikasema mnatafuta ndoa za uongo, sawa, zitafuteni. Lakini mwongo angelitaja jina hilo mlangoni, hata kabla hamjamkaribisha kiti. Mwongo angekuwa amelikariri njiani. Anayenyamaza ndiye mkwe.

Ukumbi ukawa kimya. Mimi nilijua nimewashinda. Protais anasema walikuwa hawajaelewa bado.

Hapo akainuka bibi mmoja na fimbo yake, mwembamba kama ufagio, nywele nyeupe, mwalimu mstaafu anayeitwa Gunvor. Alisema yeye amemwelewa huyu bwana vizuri sana. Akasema aliolewa akiwa msichana, na mpaka siku mama wa mume wake anazikwa, hakuwahi kumwita kwa jina wala kumwambia wewe. Alimwita svärmor, ndiyo mama mkwe kwa lugha yao, palepale usoni pake, kana kwamba anamsema mtu aliyeko chumba cha pili: Je, svärmor atapenda kahawa? Je, svärmor ameiona miwani yake? Akasema siku moja tu ulimi ulimteleza akasema wewe, na yule mama akaweka kikombe chini, kahawa akaiacha nusu. Kumbe na wao walikuwa na mila hii, Dada. Wameiacha juzi tu, wazee wanaikumbuka.

Kisha akamgeukia bwana mwenye tai akamuuliza yeye anamwitaje mama mkwe wake. Yule bwana akawa mwekundu hadi masikio. Akakiri kwamba miaka yote humwita Bibi wa Watoto, na kabla ya kupata watoto alikuwa anakohoa kwanza mpaka atazamwe. Mama mwenye skafu akacheka hadi akashika meza, naye akasema yeye humtumia wa kwake ujumbe usio na salamu, kwa kukosa pa kuanzia. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na watu wakaanza kusimuliana habari za wakwe zao kana kwamba mipaka imesahauliwa.

Sitakudanganya kwamba sheria ilibadilika jioni ile. Walirudi kwenye hoja zao, yule bado akitaka mipaka ilindwe, huyu bado akitaka milango. Lakini wakati wa kutoka bwana mwenye tai alinifuata, akanishika mkono, akasema ile hoja yangu ya mwongo ataibeba. Nikamwambia aibebe kwa mikono miwili, ni nzito.

Gunvor alikuja kwetu Norsborg wiki ileile, na keki kwenye bakuli. Dieumerci alimpokea kwa mikono miwili na kichwa kimeinama, naye akasema hajapokewa hivyo tangu aache kufundisha. Akaandika maelezo marefu ya mila yetu na ya kwao, akasema yeye mwenyewe atatusindikiza ofisini.

Safari hii afisa alikuwa dada mmoja wa makamo. Mimi nilibaki koridoni, lakini masikio yangu unayajua, na yaliyonipita aliniambia Gunvor. Maombi alikuwa ameshajibu maswali yake, akaruhusiwa kukaa na mumewe. Afisa alisoma yale maelezo, akatabasamu. Akasema binafsi anaamini, nyanya yake mwenyewe alikuwa hivyo. Lakini akasema atakayeamua hatakuwa na uso wa Dieumerci mbele yake, atakuwa na karatasi tu, na karatasi haioni aibu ya mtu. Pale penye jina hapawezi kubaki patupu. Akamwambia basi aliandike, asilitamke. Dieumerci akajibu kwamba mkono nao ni mdomo. Maombi alishika tumbo lake tu. Safari hii hakumwambia neno.

Na hapa, Dada, ndipo lile jambo lisilosemwa kwenye simu. Weka kikombe chini.

Dieumerci alisimama. Akavua viatu, akavipanga pembeni ya kiti. Akauliza kusini ni wapi. Afisa hakujua, Gunvor akamwonyesha kwa fimbo. Akageuka akatazama upande wa kwenu, wote akawapa mgongo, akasema kwa Kiswahili: Mama, unisamehe, mtoto anakuja na sina mahali pa kumpokelea. Kisha akalitaja jina lako. Célestine Nabintu, na la marehemu baba, na la ukoo, lote, hakuruka kitu. Nililisikia mlangoni. Tangu nikiwa mdogo nimelisikia jina lako likiitwa sokoni, likiitwa kanisani, na mama akiliita akiwa na hasira. Sijawahi kulisikia likitajwa hivyo. Mkalimani hakutafsiri chochote. Gunvor anasema yule dada aliandika, akaweka kalamu chini, akangoja kijana avae viatu vyake kwanza ndipo akazungumza.

Basi nimesema. Jina lako limetamkwa na mkweo, mchana, ndani ya ofisi ya serikali, mbele ya mashahidi. Ndiyo maana kwenye simu hupitisha kwa Maombi hata salamu. Anadhani utasikia kwenye sauti yake kwamba amelitaja.

Kibali kimekuja Alhamisi. Nilipiga vigelegele mimi, mwanaume mzima, jirani wa chini akapanda kuuliza kama kuna moto. Nikamwambia ndiyo upo, apande na glasi. Ijumaa Dieumerci alichukua kitambulisho chake kipya, akakitia mfuko wa shati kama kalamu, akapanda treni hapa Norsborg hadi mwisho wa pili wa reli na kurudi, hana shughuli yoyote, anangoja polisi wamuulize. Hakuna aliyemuuliza. Alirudi nyumbani amenuna kidogo. Maombi akamwambia kama anataka kuulizwa kitambulisho, yeye mkewe yuko tayari, aanze kwa kuonyesha mikono kama imeoshwa.

Sasa jina la mtoto. Siku aliyozaliwa, Maombi alimtazama akasema jina ambalo baba yake amelilipia vile haliwezi kuachwa kwenye faili. Mjukuu wako anaitwa Célestine.

Kwa hiyo tuna shida mpya ndani ya nyumba, na ni shida tamu. Baba hawezi kumwita binti yake. Anamwita Mama. Akiingia chumbani kwake anavua kofia. Mtoto akilia usiku, anamwendea mbio kisha anasita mlangoni, anabisha hodi. Na nepi, Dada, nepi anabadilisha macho yameelekea dari, anapapasa kama mtu anayetafuta swichi gizani, mpaka Maombi amfukuze. Gunvor akija anainama juu ya kitanda anauliza kama svärmor atapenda maziwa, na mtoto anamcheka. Protais alikuja akashuhudia baba mtu akitoka chumbani kinyumenyume ili asimpe mtoto mgongo. Alisema hii isigawanywe kwa kitu chochote.

Faini ya kutaja jina la mkwe unaijua, mbuzi jike na kitenge. Mbuzi utaletewa na Hervé, jirani yako wa hapo Kalundu, kwa jina la mkweo, na kama ni mwembamba, mrudishe, usione haya. Kitenge kimo kwenye kifurushi, cha buluu, alikichagua mwenyewe kwa kumuuliza Maombi unapenda rangi gani, maana mwenyewe hajawahi kukutazama akajua.

Hervé akinijulisha barua imefika, Jumapili yake baada ya ibada nitapiga, na safari hii laini haitakatika. Simu nitaiweka kwenye sikio la mjukuu wako. Mwite wewe kwanza, kwa kinywa chako. Dieumerci atakuwa amesimama karibu, viatu amevivua. Ukimwambia na yeye amwite, ataita, na nadhani atalia. Ukinyamaza, atakubali pia, na binti huyu atakua akijua kwamba katika nchi hii ya watu wanaoulizana majina milangoni, kuna mwanaume mmoja anayelijua la kwake na hulishika kama yai.

Maombi anakubusu mikono. Gunvor anauliza kama svärmor wa Uvira atapenda kahawa, anataka kukutumia. Wasalimie wote, na lile goti unisalimie.

Ni mimi mdogo wako,

Édouard, mwendesha mashine mkuu wa Jordbro
(Protais ameniambia nifute neno mkuu. Nimeliacha.)